Kupanda Mchongoma: Historia ya Ganda Lililokwama katika Bastola

Wahenga walisema, kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Sikutarajia kwamba methali hii ingenisaidia kuelewa historia ya silaha, lakini ndivyo ilivyokuwa. Vitabu vingi hutueleza nani alibuni bastola, ilibeba risasi ngapi na ilitumika katika vita gani. Ni vichache vinavyouliza: baada ya risasi zote kulia, maganda matupu yalitolewaje? Kuingiza risasi ni kupanda mchongoma. Kutoa ganda ndiyo ngoma. Katika insha hii nitatumia historia ya Marekani kati ya mwaka 1836 na 1896 kuonyesha kwamba bastola ya silinda tunayoijua leo ilipata umbo lake, kwa kiasi kikubwa, kutokana na jitihada za kuondoa ganda lililokataa kutoka.

Mwanzoni tatizo hili halikuwapo, kwa sababu ganda lenyewe halikuwapo. Bastola ambayo Samuel Colt aliipatia hataza nchini Marekani mwaka 1836 ilijazwa baruti na risasi kutoka mbele ya kila chemba ya silinda, kisha fataki ndogo ikavikwa nyuma. Kazi hiyo ilikuwa ya polepole, na baruti ikilowa bastola haikufaa kitu. Hata hivyo, baada ya kufyatua, chemba zilibaki na masizi tu.

Mabadiliko yalianzia Ufaransa. Mwaka 1845 Louis-Nicolas Flobert alitengeneza risasi ndogo ya kulengea shabaha ndani ya nyumba, ambayo kemikali yake ya kulipuka ilikuwa ndani ya kikopo kidogo cha shaba. Kutokana na wazo hilo, kampuni ya Smith & Wesson ya Springfield, Massachusetts, ilitoa mwaka 1857 bastola yake ya kwanza, Model 1, yenye risasi 7 za .22. Kemikali iliwekwa ndani ya ukingo wa ganda, na nyundo ilipogonga ukingo huo, risasi iliwaka. Silinda yake ilitobolewa kutoka mbele hadi nyuma, wazo ambalo Rollin White alikuwa amelipatia hataza mwaka 1855. Kampuni ilimlipa senti 25 kwa kila bastola. Sasa baruti, risasi na fataki vilikuwa kitu kimoja kisichoogopa mvua. Hapo ndipo mchongoma ulipopandwa.

Ili tuelewe kwa nini kushuka kulikuwa kugumu, tuangalie kinachotokea ndani ya chemba. Baruti inapowaka, ganda hutanuka na kubana ukuta wa chemba ili moshi usivuje nyuma. Shinikizo likiisha, ganda linatakiwa linywee kidogo ili liachie. Lakini ganda la risasi ya ukingo lazima liwe jembamba na laini, la sivyo nyundo haitaweza kuuponda ukingo wake. Shaba tupu ya wakati ule ilikuwa laini kweli, lakini ikishatanuka hairudi vizuri. Ongeza masizi mazito ya baruti nyeusi na utelezi wote unaisha. Kwa maneno mengine, ulaini ulioifanya risasi iwake ndio uliolifanya ganda likwame.

Jibu la kwanza la Smith & Wesson lilikuwa rahisi. Mpigaji alifungua kitasa, akainua mtutu juu, akachomoa silinda nzima, kisha akasukuma ganda moja moja kwa kijiti cha chuma kilichofungwa chini ya mtutu. Kijiti hicho kiligusa ganda moja kwa moja, kwa hiyo hata ganda kaidi lilitoka. Kasoro ilikuwa muda. Katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, maofisa wengi walijinunulia Model 2 yenye risasi 6 za .32. Hebu tumfikirie ofisa aliye juu ya farasi, risasi zimekwisha, silinda iko mkono mmoja na bastola mkono mwingine, naye bado hajashika risasi mpya hata moja. Silinda ikimponyoka, amebaki na kipande cha chuma.

Hataza ya White ilimalizika mwaka 1869. Bunge lilipitisha muswada wa kumpa nafasi ya kuomba nyongeza ya muda, lakini Rais Ulysses Grant aliukataa Januari 1870. Mlango ukawa wazi kwa kila mtengenezaji. Mwaka huohuo Smith & Wesson walileta Model 3. Bastola hii ilikunjwa katikati, na ilipofunguka, kipande chenye umbo la nyota kiliinuka katikati ya silinda kikavuta maganda yote 6 kwa mpigo mmoja. Jeshi la Marekani lilinunua bastola 1,000, Urusi ikaagiza maelfu, na Uturuki ikaagiza zake za risasi ya ukingo ya .44 Henry, kwa kuwa tayari ilikuwa na bunduki za Winchester zilizotumia risasi hiyo.

Msomaji angetegemea mfumo huo ushinde moja kwa moja. Haikuwa hivyo. Mwaka 1873 Jeshi la Marekani liliagiza bastola 8,000 za Colt zilizotoa ganda moja moja, kwa kijiti chenye springi kando ya mtutu. Colt ilisifiwa kwa uimara na kwa kuwa na vipande vichache. Mimi naona sababu nyingine ya kuzingatia: mkono unaosukuma ganda moja unapambana na ukaidi wa moja, lakini nyota inayovuta 6 inapambana na ukaidi wa yote kwa pamoja. Tena ganda likiteleza na kurudi chini ya nyota, bastola haifungiki. Kasi bila uhakika ilionekana kuwa hasara.

Suluhisho lililodumu lilikuja polepole. Maganda ya shaba iliyochanganywa na zinki, ambayo hunywea vizuri zaidi, yalichukua nafasi ya shaba tupu. Mwaka 1889 Colt walitoa bastola ambayo silinda yake huchomoza kando na maganda husukumwa yote kwa kijiti kimoja; Smith & Wesson wakafuata mwaka 1896. Umbo hilo ndilo linalotawala hadi leo.

Hata hivyo, risasi ya ukingo ya .22 bado ipo, na ugomvi wake wa zamani haujaisha. Mtu akitumia risasi fupi za muundo wa 1857 katika chemba ndefu, masizi hujenga pete mbele ya ganda. Siku akiweka risasi ndefu, ganda hukwama penye pete hiyo. Tiba ni brashi na dawa ya kusafishia, si nguvu. Wakati mwingine nyundo iliyopigwa bila risasi imekunja mdomo wa chemba, na hapo fundi silaha hurudisha chuma mahali pake. Mara nyingi, basi, kosa haliko kwenye kijiti kinachosukuma, bali kwenye chemba inayong'ang'ania.

Kwa kuhitimisha, historia ya ufundi haiandikwi na wavumbuzi wa mwanzo peke yao. Flobert, White na Smith & Wesson walitufundisha kupanda. Ilichukua karibu miaka 40 baada ya 1857, na mikono ya wengi wasiotajwa, kujifunza kushuka. Mwanafunzi wa historia akikutana na chombo chochote kipya, asiulize tu kilianzaje kufanya kazi. Aulize pia kilichobaki ndani baada ya kazi kwisha, na ni nani aliyeachiwa kukitoa.