Neno Moja kwa Siku: Asili ya Msamiati wa Kanisa

Mhubiri ajifunzaye neno moja kila siku, pamoja na asili yake, atakuwa amepitia maneno zaidi ya 300 kwa mwaka. Zoezi hili si pambo la wasomi. Linahusu swali lisikikalo katika sharika zetu: je, yafaa kumhubiri Kristo kwa maneno yenye asili ya Kiarabu, ambayo wengine huyahesabu kuwa ni ya Uislamu?

Tulitazame neno kasisi, litumikalo sana kwa ndugu zetu Waanglikana. Kiswahili kimelipokea kutoka Kiarabu. Lakini Kiarabu chenyewe kililipokea kutoka Kisiria, tawi la Kiaramu na lugha ya ibada ya Wakristo wa Mashariki, ambamo maana yake ni mzee. Shemasi limepita njia iyo hiyo, na katika Kisiria ni mtumishi. Askofu ni neno la Kiyunani, yaani mwangalizi, nalo pia limetufikia kwa njia ya Kiarabu. Basi maneno haya yalikuwa ya Kanisa kabla Uislamu haujaanza katika karne ya 7.

Johann Ludwig Krapf, Mlutheri wa Württemberg aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliikuta lugha iliyokwisha kuzoea kupokea maneno ya ng'ambo. Kamusi yake, iliyochapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake, huonyesha asili ya Kiarabu ya maneno mengi.

Hata hivyo, asili peke yake haiamui maana. Usharika na ushirikina yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, wenye maana ya kushiriki. Katika ushirikina, Mungu hupewa washirika. Katika usharika, waamini hushirikiana katika Neno na Sakramenti. Anayetaka kulitupa neno kwa sababu ya ukoo wake, imempasa kwanza aeleze ataliitaje kusanyiko lake mwenyewe.

Kwa hiyo tusiyafukuze maneno haya, wala tusiyatamke bila kuyajua. Shemasi akielewa kwamba jina lake ni mtumishi, na askofu kwamba amewekwa kuangalia kundi, neno la leo litakuwa limewakumbusha wote wawili kazi waliyoitiwa.