Vizuizi vya Mogadishu

Sisi tuliokulia Maua, kwenye miraa, tulilisikia jina la Mogadishu kabla ya kuiona Nairobi. Miraa ilichumwa, ikafungwa kwa majani ya mgomba na kukimbizwa kwa Hilux hadi Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, maana ikinyauka haina bei. Ndege hazikutua mjini Mogadishu kwenyewe. Uwanja mkuu na bandari vilifungwa walinda amani wa Umoja wa Mataifa walipoondoka mwaka 1995, hivyo marubani walishukia K50, uwanja wa vumbi ulio mbali nje ya mji.

Kutoka hapo, kila gunia lililipiwa njiani. Rais wa Somalia, Siad Barre, alikimbia Januari 1991, na kabla mwaka haujaisha wapiganaji wa Ali Mahdi walishika kaskazini ya mji, wa Aidid kusini. Baadaye kila upande ukamegekamegeka. Kila mbabe wa vita akawa na isbaro yake: kamba au chuma barabarani, vijana wenye bunduki, na pikapu iliyofungwa bombomu. Dereva alilipa, akaenda mwendo mfupi, akalipa tena. Hiyo ndiyo serikali ambayo mwananchi aliiona kwa macho.

Wafanyabiashara walichoka. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 walizichangia fedha mahakama za kiislamu ili ziwe na askari wa kulinda mali. Kwa maoni yangu, hesabu za wachuuzi wa soko la Bakaara zilizijenga mahakama hizo kuliko mahubiri yoyote.

Juni 2006 mahakama ziliwatimua wababe. Isbaro ziling'olewa, taka zikazolewa, uwanja na bandari vikafunguliwa. Mama aliweza kuvuka mji bila kulipa mtu, na jambo hilo lastahili sifa. Lakini watawala hao hao walifunga kumbi za video, na Novemba wakapiga marufuku miraa. Kwetu, wachumaji walikaa barazani mikono mitupu.

Mwisho wa Desemba jeshi la Ethiopia liliingia, na mahakama zikaanguka. Haukupita muda miraa ikarudi mitaani, na isbaro nazo zikarudi.

Al-Shabaab, waliochipuka kutoka mahakama zile, waliyaacha maeneo yao ya mji Agosti 2011. Hata baada ya hapo, wafanyabiashara wa Mogadishu, pamoja na waingizaji wa bidhaa bandarini, wameendelea kuwalipa kodi.