Daraja la ulaji kawi

Anayenunua nyumba Kitengela, Kajiado, huuliza mengi kabla ya kutia sahihi: hatimiliki ina jina la nani, sachi ya ardhi imesema nini, maji ni ya kisima au ya boza, lami iko umbali gani. Akishaambiwa stima ipo, habari ya kawi huishia hapo. Nyumba hiyo itakula stima kiasi gani ili watu waishi humo kwa raha? Sheria ya Kenya haimlazimishi muuzaji kulijibu swali hilo. Friji mpya, kwa kanuni za mwaka 2016, hutakiwa kuwa na lebo ya nyota inayoonyesha ulaji wake wa umeme. Nyumba ya mamilioni haina lebo yoyote.

Uingereza ilianza kudai cheti cha namna hiyo katika uuzaji wa nyumba mwaka 2007. Madaraja yake ni A, la nyumba bora kabisa, hadi G, na cheti hudumu miaka 10. Mkaguzi hutazama kuta, paa, madirisha, taa na mitambo ya kupasha joto, kisha hukokotoa kana kwamba humo wanaishi watu wa matumizi ya kawaida. Hapo ndipo ulipo uzito wa kipimo hiki: linalopimwa ni jengo, si mkaaji. Mzee anayeishi peke yake, anayelala mapema na kuoga maji baridi, atanunua tokeni chache za stima hata nyumba ikiwa mbovu. Ndiyo maana risiti za tokeni pekee hazitoshi kuwa ushahidi.

Tukiiteje basi kipimo hiki kwa Kiswahili? “Ufanisi wa nishati” ndiyo tafsiri iliyozoeleka vitabuni, ingawa Kenya husema kawi zaidi. Lakini ufanisi humpeleka msikilizaji kwenye mafanikio. Akiambiwa nyumba ina ufanisi wa kawi, huenda akadhani stima haipotei. “Kiwango cha kawi” kinapotosha zaidi, maana kikubwa kitaonekana kizuri. “Kubana matumizi” ni tendo la mtu anayejinyima. Napendekeza “daraja la ulaji kawi”, kwa kuwa wenyeji tayari husema gari linakula mafuta na shawa inakula stima. Neno “ulaji” linakihusu chombo, si mtu, na kila mtu anajua kwamba ulaji mkubwa ni hasara.

Vipimo, hata hivyo, visinakiliwe. Cheti cha Ulaya huelemea joto la majira ya baridi. Kajiado mlaji mkuu anaweza kuwa bafu. Shawa ya umeme ya kilowati 5 humaliza uniti moja kwa dakika 12. Watu watano, kila mmoja akioga dakika sita, hutumia uniti 2.5 kwa siku, yaani 75 kwa mwezi. Na bei nafuu kabisa ya stima ni ya mteja asiyezidi uniti 30 kwa mwezi. Mtambo wa kupasha maji kwa jua, uliokwisha kuwekwa juu ya paa, ungepandisha daraja la nyumba mara moja.

Halafu kuna jua lenyewe. Karibu na ikweta, madirisha ya mashariki na magharibi hupigwa na jua la chini asubuhi na jioni, ilhali ya kaskazini na kusini huleta mwanga bila joto jingi. Nyumba kwenye ploti ya futi 50 kwa 100 mara nyingi hugeuzwa kuifuata barabara, na mabati yasiyo na silingi hufanya chumba kuchemka Februari na kupoa vibaya usiku wa Julai. Pampu ya kisima nayo ihesabiwe.

EDGE, mfumo wa IFC, shirika lililo katika Kundi la Benki ya Dunia, unaotumika Kenya, unafaa kuwa mwanzo: hulinganisha jengo na la kawaida la mahali hapo, na hutaka liokoe angalau asilimia 20 ya kawi. Kwa leo, mnunuzi wa Kitengela aombe risiti za tokeni za mwaka mzima pamoja na idadi ya waliokuwa wakiishi humo, kisha aizuru nyumba saa nane mchana, taa zikiwa zimezimwa.