Mji Mdogo, Makanisa Mengi: Jonesborough na Magomvi Yaliyofika mpaka Kongo

Hapa kwetu mtu akihesabu makanisa katika avenue moja tu, anatikisa kichwa na kusema: haya ni mambo ya Wakongo. Wengine wanasema yameanza katika mwaka 1990, wakati Mobutu alipofungua mlango kwa vyama vingi, njo makanisa nayo yakaota sawa uyoga. Maneno hayo yana ukweli ndani, lakini hayafiki mbali. Wamisioneri waliotuletea Injili walitoka mahali ambapo watu walikuwa wamekwisha kugawanyika mara nyingi mbele ya kuvuka bahari. Magomvi yao waliyafunga pamoja na mizigo. Ili tuelewe ginsi mambo yalivyokwenda, tuangalie mji mmoja mdogo wa Marekani unaoitwa Jonesborough, katika milima ya Appalachia.

Jonesborough iko upande wa mashariki wa jimbo la Tennessee. Mji ulianzishwa katika mwaka 1779, nao ndio mji wa zamani kuliko yote katika jimbo lile. Hesabu ya mwaka 2020 ilikuta watu wasiofika 6000. Kwetu hiyo ingekuwa sehemu ndogo ya commune moja. Siku hizi unajulikana sana sababu ya sikukuu ya hadithi iliyoanza katika mwaka 1973. Kila Oktoba watu wanatoka mbali kuja kusikiliza wasimulizi, na wanalipa kuingia. (Mababu zetu waliosimulia bure kando ya moto wangecheka.) Katika barabara kuu unakuta majengo ya kanisa ya zamani, na kutoka kwa Wapresbiteriani mpaka kwa Wametodisti ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Ukitoka mjini na kuzunguka vilima na mabonde, orodha inakuwa ndefu: Wabaptisti wa ginsi mingi, Wandugu wenye asili ya Ujerumani, wale wanaojiita Wakristo tu bila jina lingine, Wapentekoste. Wakatoliki walikuwa wachache sana katika milima ile; jimbo la askofu wa Knoxville, linaloshika upande huo wa Tennessee, liliundwa katika mwaka 1988 tu.

Nchi ile ilikuwa ya Wacherokee. Wazungu waliopanda milima walikuwa wengi wao wazao wa Waskoti waliopitia Ireland, na dini yao ilikuwa ya Kipresbiteriani. Pasteri wao mkubwa, Samuel Doak, alimaliza masomo huko Princeton katika mwaka 1775. Katika mwaka 1780 alianzisha kanisa la Salem, si mbali na Jonesborough, na kando yake akafungua shule iliyopata kibali cha serikali katika mwaka 1783. Kwa Wapresbiteriani, mtu asiyesoma Kigiriki na Kilatini hakuweza kupanda mimbarani. Lakini milima ilikuwa mipana na wenye diploma walikuwa wachache. Wabaptisti hawakungoja. Karibu na mwaka 1779 Tidence Lane alikuwa amekwisha kukusanya kanisa pale Buffalo Ridge. Pasteri wa Kibaptisti alikuwa mkulima sawa na watu wake: juma nzima jembe, siku ya Mungu Biblia, bila mshahara. Wametodisti wakapata njia ya tatu. Mhubiri wao alipanda farasi na kuzunguka mwezi mzima toka nyumba hadi nyumba, akilala kwa watu. Askofu wao Francis Asbury mwenyewe alivuka ile milima mara nyingi sana.

Kwa hiyo ulizo la kwanza lililowagawa watu wa Jonesborough lilikuwa hili: nani ana ruhusa ya kuhubiri? Yule aliyesoma, yule aliyeitwa, ao yule aliyetumwa? Sisi walimu tunapenda cheti kiwe na uzito. Lakini lazima tukubali kwamba kule milimani cheti kilishindwa. Wabaptisti na Wametodisti waliwapita Wapresbiteriani kwa wingi, na mpaka leo iko vile.

Halafu yakaja magomvi ya maji. Wapresbiteriani na Wametodisti wanabatiza watoto wachanga na kunyunyiza maji. Wabaptisti wanazamisha mtu mzima mtoni. Wale Wandugu wa Kijerumani wanamzamisha mara tatu, uso mbele, na wakati wa Meza ya Bwana wanakula chakula cha kweli pamoja na kuoshana miguu. Kuosha miguu kunafanywa vilevile na Wabaptisti wa zamani, wanaoitwa Primitive. Hao hawana piano, hawana shule ya siku ya Mungu. Kwa kuwa vitabu vilikuwa haba, kulikuwa na desturi ya mtu mmoja kutoa mstari wa wimbo na wengine wote kuurudisha kwa sauti nzito ya kuvuta. Makanisa mengine ya milima yanaishika hata leo. Mtu wa kwetu akisikia wimbo wa ginsi ile hatakuwa mgeni kabisa.

Kwa hao Wabaptisti wa zamani kuna jambo linalotuhusu. Karibu na miaka ya 1820 na 1830 walikataa kabisa mashirika ya kutuma wamisioneri. Walisema: Mungu anawajua walio wake, hahitaji komite wala michango ya feza. Njo maana Wakongo hatuwajui. Tunajua tu ndugu zao waliosema ndiyo kwa misioni. Picha tuliyo nayo juu ya Wakristo wa Marekani imechujwa tangu zamani, na wale waliokataa kuja hawamo ndani.

Wengine walichoka na majina yote haya. Katika mwaka 1801, pale Cane Ridge katika jimbo jirani la Kentucky, maelfu ya watu walikusanyika siku nyingi porini; wahubiri wa makanisa mbalimbali walisimama pamoja, watu wakilia na kuanguka. Kutoka mule Barton Stone na wenzake wakaanza kusema: tuondoe majina, tuitwe Wakristo tu. Katika mwaka 1832 wakaungana na wafuasi wa Alexander Campbell. Na matokeo? Wale waliotaka kumaliza migawanyiko wamekuwa leo mafungu matatu, na mabishano juu ya vyombo vya muziki kanisani yalikuwa mojawapo ya sababu. Fungu moja, Disciples, ndilo lililofika Bolenge, karibu na Mbandaka, katika mwaka 1899.

Lakini maji, vyeti na piano ni mambo madogo. Jambo kubwa lilikuwa mtumwa.

Jonesborough ina historia ya pekee hapo. Katika mwaka 1820 Elihu Embree, mfuasi wa Wakweka, ambao wenyewe wanajiita Marafiki, alichapisha mjini pale gazeti la Emancipator, yaani Mkombozi. Lilikuwa gazeti la kwanza katika Marekani nzima lililoandikwa kwa kusudi moja tu la kumaliza utumwa. Embree mwenyewe alikuwa amekuwa na watumwa, na jambo hilo lilimchoma. Lile gazeti lilitoka miezi saba tu, toka Aprili mpaka Oktoba. Mwezi wa Desemba akafa, akiwa bado kijana. Mzee Doak naye alikuwa amewaachilia huru watumwa wake miaka miwili mbele. Kwa muda mfupi mtu angeweza kuwaza kwamba milima ile itakuwa nchi ya wakombozi.

Haikuwa vile. Miaka ishirini kiisha, gazeti lililovuma mjini lilikuwa la William Brownlow, mhubiri wa Kimetodisti mwenye ulimi mkali sawa pilipili. Alitukana Wapresbiteriani, alitukana Wabaptisti, alitukana wanasiasa. Katika mwaka 1840 alimshambulia kwa fimbo mpinzani wake, Landon Haynes, barabarani mle Jonesborough, na huyo akampiga risasi ya paja. Adui yake kati ya Wapresbiteriani alikuwa pasteri Frederick Ross. Wawili hao waliandikiana matusi miaka na miaka juu ya maaskofu na mafundisho. Hapa msomaji aangalie vizuri: Ross aliandika kitabu kizima, kilichotoka katika mwaka 1857, kuonyesha kwamba utumwa umewekwa na Mungu. Brownlow naye, katika mwaka 1858, alisimama Philadelphia kuutetea utumwa mbele ya watu wote. Wachungaji hawa walishindwa kusikilizana juu ya tone la maji, lakini juu ya mtu mweusi walisikilizana bila mkutano. Vita ilipokuja Brownlow alisimama na serikali ya kaskazini, akawa gavana wa Tennessee katika mwaka 1865. Ni hadithi nyingine, na haifuti hii.

Kanisa la Wapresbiteriani lililojengwa katika barabara kuu katika miaka ya 1840 lina balkoni ya ndani, juu. Pale ndipo watumwa walipokaa, nyimbo zilezile, mahubiri yaleyale, ngazi mbalimbali. Katika miaka hiyohiyo makanisa ya nchi nzima yalikuwa yanapasuka. Wametodisti walipasuka katika 1844, sababu ya askofu wa Georgia aliyekuwa na watumwa. Wabaptisti walipasuka katika 1845, na ulizo lao lilikuwa: mwenye watumwa anaweza kutumwa kuwa misioneri? Wa kusini walijibu ndiyo. Wapresbiteriani walifuata katika 1861, wakati wa vita. Vita ilipoisha, watu weusi waliokuwa wamekaa balkoni walishuka, wakatoka inje na kujenga makanisa yao wenyewe. Katika mwaka 1870, mjini Jackson, mwisho wa magharibi wa Tennessee, Wametodisti weusi wa kusini waliunda kanisa lao. Kwa hiyo wingi wa makanisa si ugonjwa kila mara. Mara nyingine mlango wa pili ndio mlango wa pekee ambao mtu anaweza kuingia akiwa ameinua kichwa.

Sasa turudi Kongo, maana mpasuko ule ulivuka bahari. Luebo, katika Kasai, ilianzishwa katika mwaka 1891 na Wapresbiteriani wa kusini, wale waliojitenga katika 1861. Mmoja wa waanzilishi wawili alikuwa mtu mweusi, William Sheppard, aliyezaliwa katika 1865 huko Waynesboro, Virginia, mji mdogo chini ya milima ileile ya Appalachia. Mwenzake mzungu, Samuel Lapsley, alikufa katika 1892. Sheppard ndiye aliyeandika juu ya mabaya ya Kompani ya Kasai na kimpira, wakamshitaki, na katika mwaka 1909 tribinali ya Léopoldville ikaona hana kosa.

Wametodisti nao walikuja wawili. Wa kaskazini, wenye John Springer, walishika Katanga katika miaka ya 1910 na kufika hata kwa Mwant Yav, Kapanga. Wa kusini walikwenda kwa Watetela. Katika mwaka 1911 askofu Walter Lambuth alisafiri na John Wesley Gilbert, mwalimu mweusi wa lile kanisa lililozaliwa Jackson. Wakapitia Luebo, wakatembea kwa miguu mpaka kwa chifu Wembo Nyama. Misioni ilipofunguliwa katika 1914, Gilbert hakuwa kati ya waliotumwa. Vile Mmetodisti wa Sankuru na Mmetodisti wa Katanga walikuwa na mabwana mbalimbali miaka ishirini na mitano, sababu ya watumwa wa askofu mmoja wa Georgia ambaye hawakumsikia hata jina. Marekani waliungana katika mwaka 1939 tu. Na hata siku ile waliwaweka weusi wao katika fungu la pekee, lililoondolewa katika 1968.

Wapentekoste wana mzizi mwingine mle milimani. Kikundi kidogo kilichokutana katika 1886 huko Monroe, kusini ya Jonesborough, njo kilichokuwa baadaye Church of God ya mji wa Cleveland, Tennessee, kanisa ambalo leo limeenea dunia nzima. Watu wanapenda kusimulia juu ya wale wanaoshika nyoka. Ni kweli, George Hensley alianza desturi ile karibu na 1910, kwa kufuata maneno ya mwisho wa Injili ya Marko. Tennessee ikaikataza kwa sheria katika 1947, na Hensley mwenyewe aliumwa na nyoka akafa katika 1955. Lakini hao ni makanisa machache sana, na Wapentekoste wengi wa milima wanawakataa. Kueleza dini ya Appalachia kwa nyoka ni sawa kueleza dini ya Kongo kwa mchawi mmoja wa gazeti.

Serikali yetu ilijaribu kufunga mlango. Katika 1970 Waprotestanti waliwekwa ndani ya nyumba moja, Kanisa la Kristo, na sheria ya mwisho wa 1971 ilitambua Wakatoliki, Kanisa la Kristo na Wakimbangu. Ndani ya nyumba ile kila Communauté ilipewa namba, na watoto wetu wanazikariri zile namba bila kujua nani aligombana na nani.

Na magomvi hayajaisha kule. Toka 2019 mpaka 2023 parokia zaidi ya 7000 za Wametodisti wa Marekani ziliondoka, nyingi kwa kutosikilizana juu ya ndoa na watu wa jinsia moja. Katika eneo la Holston, ambamo Jonesborough iko, zilizotoka zilipita 200. Wajumbe wa Kongo, ambao juu ya ndoa wanawaza sawa wale walioondoka, wengi walibaki. Katika 2024, kwenye mkutano mkubwa wa Charlotte, walikaa pamoja na wengine na kupiga kura juu ya mpango wa kuachia kila sehemu ya dunia ijipangie kanuni zake.