Mkondo wa M87 na Suala la Mvutano katika Historia ya Falaki, 1918–2023

Mwaka 1918 yalichapishwa maandishi mawili yasiyojuana. Nchini Marekani, Heber Curtis wa kituo cha falaki cha Lick, California, alieleza kwamba nebula ya M87 ilikuwa na mstari mnyoofu wa nuru ulioungana na kiini chake. Nchini Austria, Josef Lense na Hans Thirring walikokotoa, kwa kufuata nadharia ya Einstein, kwamba gimba linalojizungusha huburuta nafasi inayolizingira. Makala haya yanashikilia kuwa historia ya mkondo huo wa chembe ni historia ya kukutana kwa hoja hizo mbili, tena kwa njia isiyonyooka kama inavyosimuliwa mara nyingi.

Curtis hakuwa na sababu ya kufikiria mvutano. Wakati huo haikuwa imekubalika hata kwamba nebula za aina hiyo ni galaksi zilizo nje ya galaksi yetu. Maelezo ya kwanza ya kuridhisha yalikuja katika miaka ya 1950, na yalitoka katika elimu ya sumaku. Iosif Shklovsky alipendekeza kuwa nuru ya mkondo hutolewa na elektroni zinazokwenda karibu na kasi ya nuru huku zikizunguka mistari ya uga wa sumaku. Mwaka 1956 Walter Baade alipima nuru hiyo akakuta mawimbi yake yanatikisika zaidi katika mwelekeo mmoja, kama nadharia ilivyotaka.

Hapo likazuka tatizo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo uzito wa mjadala mzima. Elektroni za namna hiyo hupoteza nishati katika muda wa mamia machache ya miaka, ilhali mkondo una urefu wa maelfu ya miaka ya nuru. Haiwezekani, basi, kwamba zilirushwa mara moja tu pale kwenye kiini. Ni lazima ziongezewe nishati njiani, mbali mno na mahali ambapo mvutano wa shimo una nguvu. Isitoshe, mvutano huvuta ndani. Usemi wa kwamba shimo jeusi "hutema" chembe unapotosha.

Roy Kerr alipata hesabu ya shimo linalozunguka mwaka 1963, na mwaka 1969 Roger Penrose akaonyesha kuwa nishati ya mzunguko huo inaweza kuchotwa. Mwaka 1977 Roger Blandford na Roman Znajek waliunganisha jambo hilo na sumaku: nafasi inayoburutwa huisokota mistari ya uga, na uga huo ndio unaozisukuma chembe nje.

Picha iliyotangazwa Aprili 2019 ilionyesha kivuli cha shimo lenye uzito wa takriban Jua bilioni 6.5, lakini mkondo haukuonekana ndani yake. Hoja ya Lense na Thirring ilirejea mwaka 2023, pale vipimo vya redio vya zaidi ya miaka ishirini vilipoonyesha kuwa mwelekeo wa mkondo huyumba kwa mzunguko wa takriban miaka 11. Watafiti waliufasiri mwyumbo huo kuwa ni athari ya nafasi inayoburutwa na shimo. Fasiri hiyo ina nguvu, ingawa vipimo vyenyewe vimefunika mizunguko miwili tu.