Bwawa, Saa na Mto Mara: Mazoezi ya Vipindi katika Historia ya Uogeleaji, kwa Mtazamo wa Tarime na Serengeti

Mazoezi ya vipindi hayakuanzia majini. Katika miaka ya 1930, nchini Ujerumani, kocha Woldemar Gerschler na daktari wa moyo Herbert Reindell waliwakimbiza wanariadha umbali mfupi hadi mapigo ya moyo yakaribie 180 kwa dakika, kisha wakawapumzisha mpaka yashuke hadi 120 ndipo waanze tena. Rudolf Harbig, aliyefundishwa na Gerschler, alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 46.6 mjini Milan mwaka 1939, rekodi iliyodumu hadi 1955.

Makocha wa kuogelea walipouchukua utaratibu huo, ulipata maana ya ziada. Mwogeleaji anapochoka, kiwiko hushuka, miguu huzama, na kiganja huteleza majini badala ya kuyasukuma. Akiendelea hivyo, anauzoeza mwili kosa. Mapumziko mafupi humwezesha kurudia mita 50 au 100 mara nyingi pasipo mkono kupoteza umbo lake. James Counsilman wa Chuo Kikuu cha Indiana aliwapiga picha waogeleaji wakiwa chini ya maji, na kitabu chake cha mwaka 1968 kilisomwa na makocha wengi. Maelezo yake kuhusu nguvu inayomsukuma mwogeleaji yalipingwa baadaye. Desturi ya kuuchunguza mkono ukiwa majini imebaki.

Utaratibu huu wote hudai umbali unaojulikana na maji yaliyotulia. Mto Mara, unaotiririka kutoka Mau nchini Kenya na kuzitenganisha Tarime na Serengeti kabla ya kuingia Ziwa Victoria, hauna sifa hizo. Mkondo wake hubadilika kwa masika, na una mamba na viboko. Kupumzika katikati ya mto kama huo si zoezi, ni kujitia hatarini. Stadi inayohitajika ni kuusoma mkondo, kuukata kwa mshazari na kutoka upesi. Ufuo wa ziwa nao ulibaki nje ya Tarime Rorya ilipomegwa mwaka 2007. Yapo malambo ya mifugo, ambako kamba ingetosha kupimia umbali, lakini katika Kanda ya Ziwa maji yaliyotuama ndimo wanamostawi konokono wa kichocho.

Kwa hiyo kumbukumbu rasmi, zenye majina kama Khalid Rushaka na Magdalena Moshi walioshiriki Olimpiki ya Beijing 2008, zimetokana na historia ya mabwawa, ambayo nchini Tanzania kwa sehemu kubwa ni mali ya shule binafsi, hoteli na klabu. Anayezisoma peke yake atahitimisha kwamba ndani ya Mara hakuna waogeleaji. Hitimisho hilo halikubaliki: nyaraka hizo zinaonyesha mahali bwawa lilipojengwa, wala hazisemi lolote kuhusu wanaojua maji. Pengo hilo lina uzito kuliko medali, kwa kuwa stadi isiyoandikwa haifundishwi shuleni, na mtoto wa kando ya mto huachiwa ajifunze penye mamba.