Pensheni ya wahudumu wa dharura: Nani hulipwa, nani huachwa mikono mitupu?

USIKU wa Aprili 29, 2016, jengo la ghorofa la makazi liliporomoka mtaani Huruma, jijini Nairobi, kufuatia mvua kubwa. Watu wapatao 50 walifariki. Mtoto mdogo alitolewa chini ya vifusi akiwa hai zaidi ya siku tatu baadaye, na watu wengine wanne wakaokolewa siku ya sita.

Waliowaokoa hawakuwa kundi moja. Walikuwepo wanajeshi, vijana wa Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS), wahudumu wa Msalaba Mwekundu, madereva wa ambulensi na wakazi waliochimba kwa mikono. Hatari iliyowakabili ilikuwa moja. Hata hivyo, uzee wao hautakuwa mmoja.

Kenya haina pensheni maalum kwa wanaotoa huduma za dharura za matibabu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Malipo ya uzeeni ya anayetoa matibabu hayo, kwa upande mwingine, hutegemea ni nani aliyemwajiri na kwa kandarasi ya aina gani.

Wafanyakazi wa serikali kuu

Kwa miaka mingi, watumishi wa serikali kuu wamelipwa chini ya Sheria ya Pensheni (Sura ya 189) bila wao wenyewe kukatwa mchango. Anayestahili pensheni ni aliyetumikia kwa angalau miaka 10. Umri wa kustaafu uliongezwa kutoka miaka 55 hadi 60 mwaka 2009.

Hesabu yake ni rahisi. Mshahara wa msingi wa mwisho, kwa kiwango cha mwaka, huzidishwa kwa idadi ya miezi ya utumishi, kisha hugawanywa kwa 480.

Chukua mfano wa tabibu aliyetumikia miaka 25, yaani miezi 300, na aliyekuwa akipata mshahara wa msingi wa Sh60,000 kwa mwezi. Pensheni yake kamili itakuwa Sh450,000 kwa mwaka. Akichagua kubadilisha robo moja kuwa kiinua mgongo, robo hiyo huzidishwa mara 20, naye hupata Sh2,250,000 kwa mkupuo na kubaki na Sh28,125 kila mwezi.

Hapa ndipo wengi hushtuka wanapostaafu. Hesabu hiyo hutumia mshahara wa msingi pekee. Marupurupu ya hatari na ya kuitwa kazini usiku hayamo. Fedha ambazo mhudumu hulipwa hasa kwa sababu kazi yake ni ya hatari hazimfuati uzeeni.

Utaratibu ulibadilika Januari 1, 2021, Mfuko wa Malipo ya Uzeeni kwa Watumishi wa Umma (PSSS) ulipoanza kazi. Watumishi waliokuwa chini ya umri wa miaka 45 walitakiwa kujiunga. Walikatwa asilimia 2 mwaka wa kwanza, 5 mwaka wa pili na 7.5 kuanzia mwaka wa tatu, huku serikali ikitakiwa kuchangia asilimia 15.

Wafanyakazi wa kaunti

Huduma nyingi za afya, zikiwemo ambulensi, zilihamishiwa kaunti mwaka 2013. Wauguzi na matabibu wengi wa vituo vya umma vinavyohudumia mitaa kama Huruma wako chini ya Kaunti ya Nairobi, na wala si Wizara ya Afya.

Mifuko inayojulikana zaidi katika kaunti ni LAPFUND na LAPTRUST, iliyorithiwa kutoka kwa mabaraza ya miji. Kwa kawaida, mfanyakazi hukatwa asilimia 12 na mwajiri huongeza asilimia 15.

Tatizo kubwa la mifuko hii limekuwa michango isiyowasilishwa. Kaunti na mabaraza yaliyozitangulia yamelimbikiza madeni ya mabilioni ya shilingi. Mfanyakazi huona makato katika hati yake ya mshahara na kuamini kwamba akiba inakua, kumbe fedha hazijafika.

Wafanyakazi wa kampuni na mashirika

Ambulensi nyingi jijini Nairobi huendeshwa na kampuni za kibinafsi na mashirika ya misaada. Wafanyakazi wake hutegemea Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii (NSSF), isipokuwa mwajiri awe na mfuko wake.

Wakati wa mkasa wa Huruma, mfanyakazi alikatwa Sh200 kwa mwezi na mwajiri akaongeza Sh200. Hiyo ni akiba ya Sh4,800 kwa mwaka, haidhuru mshahara wake ulikuwa kiasi gani.

Sheria mpya ya NSSF ya mwaka 2013 ilikwama mahakamani hadi Februari 2023. Tangu hapo kila upande huchangia asilimia 6 ya mshahara, hadi kiwango cha juu ambacho kimekuwa kikipanda. Kwa kiwango cha Februari 2025, dereva wa ambulensi anayepata Sh30,000 hukatwa Sh1,800 na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Jumla ni mara tisa ya akiba ya zamani, lakini miaka iliyopita haiwezi kufidiwa.

Wa kandarasi na wa kujitolea

Mwenye kandarasi ya muda mfupi kwa kawaida hana pensheni, ila kiinua mgongo iwapo kandarasi yenyewe inakitaja. Suala hili liliwagusa wengi Desemba 2020, wakati kifo cha daktari kijana wa kandarasi aliyehudumia wagonjwa wa Covid-19 kaunti ya Machakos kilipozidisha hasira zilizoambatana na mgomo wa madaktari mwezi huo.

Wahudumu wa afya ya jamii, ambao mara nyingi ndio wa kwanza kufika mlangoni kwa mgonjwa, walipangiwa marupurupu ya Sh5,000 kwa mwezi mwaka 2023. Hayo si mshahara wenye pensheni.

Anayejitolea bila malipo hana chochote. Tegemeo lake la umma ni mpango wa Inua Jamii, ulioanza mwaka 2018 kuwalipa Sh2,000 kwa mwezi wazee wa miaka 70 na zaidi waliosajiliwa. Anaweza pia kujiwekea akiba katika NSSF kwa hiari yake.

Ukiumia kazini

Fidia ya ajali ni tofauti na pensheni. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 inawahusu waajiriwa wote, wa serikali na wa kibinafsi, isipokuwa wanajeshi. Kifo au ulemavu kamili wa kudumu hufidiwa kwa mapato ya miezi 96. Kwa aliyekuwa akipata Sh40,000, hiyo ni Sh3,840,000. Maradhi yanayotokana na kazi pia yamo.

Lakini dai lisipowasilishwa katika muda wa miezi 12 tangu ajali kutokea, haki hiyo huweza kupotea. Naye aliyejitolea kuchimba vifusi hahesabiwi kuwa mwajiriwa.

Mambo ya kufanya mapema

Kwanza, soma barua yako ya ajira ujue kama ni ya kudumu, ya kandarasi au ya kibarua. Pili, omba taarifa ya akiba yako kila mwaka na uilinganishe na hati za mshahara. Tatu, ajali yoyote iandikwe kazini siku iyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo.

Nne, hakikisha majina ya warithi katika mfuko wako ni sahihi. Wajane na mayatima wengi hucheleweshwa na fomu iliyojazwa kabla ya ndoa au kabla ya watoto kuzaliwa.

Mwajiri asiyewasilisha michango ya mfuko uliosajiliwa anaweza kushtakiwa kwa Mamlaka ya Kusimamia Mifuko ya Pensheni (RBA). Usingoje mwaka wa kustaafu, kwa kuwa deni la miezi mitatu ni rahisi kufuatilia kuliko la miaka 20.